WRX Mpya: Plastiki, Gia na STI Isiyokuwapo

Subaru walipoifunua WRX mpya, gari lao la mwendo kasi, Septemba 2021, watu hawakuanza na injini. Walianza na plastiki. Madigadi yote manne yamezungushiwa ukanda mpana mweusi, wa aina ile tuliyoizoea kwenye magari yaliyoinuka ya barabara mbovu, na mtu aliyekua akiitazama Impreza ya rali, mzazi wa WRX, ya buluu yenye rimu za dhahabu, ikitimua vumbi hakuweza kuumeza. Wengine wakasema mbona gari ni zuri tu, bodi imekaza, injini imekua. Machi 2022 kampuni ikatangaza kwamba kwenye bodi hii STI ya petroli, yaani toleo kali kupita yote, haitatengenezwa, na ugomvi uliokuwa unapoa ukawaka upya.

Huku kwetu ugomvi huo umefika kwa kuchelewa, kwa njia ileile yanayofikia magari yenyewe. Kenya haipokei mtumba uliopita miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Tanzania inapokea hata gari kuukuu ila inalitoza ushuru wa ziada. Kwa hiyo WRX za Japani za mwishoni mwa 2021 na za 2022 ndizo hasa zinazoingia kwenye hesabu za mnunuzi wa hapa, na maswali yameanza. Hii ndiyo STI? Mbona haina klachi? Mbona haivumi? Inakuwaje injini ya lita 2.4 inazidiwa nguvu na ya lita 2.0 iliyotangulia?

Maswali yenyewe si magumu. Shida ni kwamba yamefungwa kwenye furushi moja, hata anayelalamikia sura anajibiwa habari za injini, na anayelilia klachi anaambiwa kwamba plastiki inapakika rangi. Tuyafungue moja baada ya jingine.

Majina kwanza

Impreza ni gari dogo la familia lililozinduliwa mwaka 1992. WRX ilianza kama toleo lake kali: bodi ileile, lakini yenye turbo na inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, iliyotengenezwa kwa kuzitazama mbio za rali. STI ni kitu kingine tena. Hilo ni jina la Subaru Tecnica International, tawi la kampuni lililoanzishwa mwaka 1988 kushughulikia mashindano. WRX iliyopitia mikononi mwao iliitwa WRX STI, nayo ilikuwa na injini iliyokazwa zaidi, giaboksi nzito zaidi, breki kubwa, na difu ya katikati ambayo dereva anaweza kuirekebisha mwenyewe, achague nguvu igawanywe vipi kati ya mbele na nyuma.

Mwaka 2014 WRX ilitenganishwa na Impreza ikawa gari la kujitegemea. Hapohapo Japani wakaongeza jina la nne: WRX isiyo STI wakaiita WRX S4. Kwa hiyo gari ambalo Mmarekani analiita WRX, Mjapani analiita S4, na ni Mjapani ndiye anayetuuzia sisi.

Mtaani kwetu majina haya hayajawahi kuheshimiwa sana. Impreza ya 1.5 iliyobandikwa nembo ya waridi ya STI kwenye buti si ajabu Nairobi wala Dar es Salaam, na mwenye nalo ataapa kuwa ni STI. Basi linapokuja gari ambalo STI yake haipo kabisa, si ajabu watu wakapotea.

Plastiki, na desturi ya kuikataa kila WRX mpya

Wanaosema WRX imeharibiwa sura wangesaidiwa na kumbukumbu. Mwaka 2000 Impreza ya kizazi cha pili ilitoka na taa za mviringo zilizotumbua macho, na wapenzi wake wakaisema hivyohivyo: imekwisha. Kelele zilikuwa nyingi hata kampuni ikaubadilisha uso wake ndani ya miaka miwili, kisha ikaubadilisha tena. Mwaka 2007 ikaja bila buti, mlango wa nyuma ukifunguka mpaka juu, nayo ikaitwa gari la kwendea sokoni. Baada ya miaka michache kampuni ikairudisha yenye buti. Leo zile za macho ya mviringo zina watu wake, tena wakali, wasiotaka kusikia neno baya.

Hiyo haimaanishi kwamba kila lawama ni hasira za siku mbili. Mwaka 2017, kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo, Subaru walileta gari la maonyesho lililoitwa VIZIV Performance: mabega mapana, pua ya hasira, limeinama kama linataka kuruka. Watu walijipa imani kwamba WRX ijayo itakuwa hiyo. Lakini gari la maonyesho halilazimiki kukidhi kanuni za kumlinda mtembea kwa miguu anayegongwa, halihitaji buti la kuingia masanduku, wala hakuna mhasibu anayeuliza kila kipande kinagharimu kiasi gani. Likipita kwenye milango hiyo yote linatoka jembamba. WRX ya 2021 kwa mbele bado ina ule ukali. Kwa nyuma ndiko ilikopungukiwa, na mimi naona nyuma ndiyo yenye kasoro kuliko hata plastiki.

Na plastiki yenyewe? Subaru walieleza kwamba ina kazi. Uso wake si laini, una michoro midogo ya pembe sita inayokusudiwa kutuliza upepo unaopita ubavuni, na nyuma ya magurudumu kuna nafasi za kuutoa upepo uliojikusanya ndani ya madigadi. Nayaamini hayo kwa kiasi. Naamini pia kwamba kampuni ndogo kama Subaru, isiyofikisha magari milioni moja kwa mwaka, inapata riziki yake Marekani kwa kuuza magari yaliyoinuka yenye plastiki hizohizo, na kuifananisha WRX na ndugu zake kulikuwa na mantiki ya duka. Asiyeipenda anaweza kuipeleka kwa mpaka rangi. Kati ya malalamiko yote, hili ndilo jepesi kuliko mengine, ingawa ndilo lililopigiwa kelele zaidi, kwa sababu picha anaiona kila mtu na usukani wanaushika wachache.

2.4 inazidiwaje na 2.0?

Injini ya Subaru ni ya aina ya boksa: pistoni hazikusimama wima, zimelala, mbili kila upande, zikienda na kurudi kama zinasukumana. Kwa kuwa imelala, uzito unakaa chini, na gari haliyumbi sana kwenye kona.

Sasa namba. WRX iliyotangulia huko Marekani ilikuwa na injini ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 268. Mpya ina lita 2.4 na nguvu za farasi 271. Lita zimeongezeka kwa moja ya tano, farasi wameongezeka watatu. Japani hali ni mbaya zaidi kwa macho ya msomaji wa karatasi: S4 ya zamani ilitoa farasi 300 na nguvu ya kuzungusha ya newton-mita 400, mpya inatoa 275 na 375. Imeshuka.

Makosa ya kawaida ni kudhani kwamba ukubwa wa injini ndio nguvu. Ukubwa ni nafasi tu ya kuingizia hewa na petroli. Injini yenye turbo haingoji hewa iingie yenyewe, inasukumiwa, na mtengenezaji ndiye anayeamua asukume kiasi gani. Injini ndogo ikisukumiwa sana inaweza kuipita kubwa iliyoachwa ipumue. Lakini kila unaposukuma zaidi, joto linapanda, petroli inaliwa, moshi unakuwa mchafu, na vyuma vinachakaa. Kanuni za moshi zimekuwa zikikazwa mwaka hadi mwaka, na kuchukua injini kubwa zaidi isiyokamuliwa hadi tone la mwisho ni njia mojawapo ya kuishi nazo. Faida yake dereva anaisikia kwenye mguu kuliko kwenye karatasi, hasa akitoka mwendo mdogo kupanda kilima au kulipita lori.

Lawama yenye uzito hapa ni nyingine. Injini hii ya 2.4 yenye turbo haikuanzia kwenye WRX. Ilianzia kwenye Ascent, gari la familia la safu tatu za viti linalouzwa Amerika Kaskazini. Shabiki aliyelelewa na imani kwamba injini yake imezaliwa kwenye mbio anapoambiwa kwamba pacha wake anapeleka watoto shule, anaona amepunjwa. Ki-ufundi hakuna ubaya wowote, injini nyingi nzuri zimeanzia kwenye magari ya kazi. Ila mtu hanunui WRX kwa ufundi peke yake.

Halafu kuna mlio. Ule mvumo wa kudundadunda unaojulisha kutoka mbali kwamba Subaru inakuja, wengi wanaamini unatokana na injini kuwa ya boksa. Sivyo. Unatokana na mabomba. Kwenye injini za zamani za turbo, mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda za upande mmoja na mwingine hayakuwa na urefu sawa. Moshi wa silinda moja ulikuwa na safari fupi, wa nyingine safari ndefu, kwa hiyo mapigo yalifika kwenye turbo yakiwa yamepishana, mawili karibukaribu kisha pengo. Sikio linausikia upishano huo kama mdundo. Ukiyafanya mabomba yawe na urefu sawa, mdundo unakufa na injini inapumua vizuri zaidi. Ndiyo maana STI nyingi za Japani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazikudunda kama za Marekani, ingawa zilikuwa kali kuzipita, na ndiyo maana WRX ya 2014 tayari ilikuwa imenyamaza. Kuilaumu ya 2021 kwa ukimya ni kuchelewa kwa miaka saba. Makanika wa ekzosi atakuuzia mdundo ukitaka. Farasi hatakuongezea.

Gia, na hapa ndipo penye jambo

Plastiki ilipigiwa kelele, lakini gia ndiyo inayoamua kama gari hili ni lako au si lako, hasa ukiwa upande huu wa bahari.

Otomatiki ya WRX si ile ya gia zinazobadilika moja, mbili, tatu. Ni CVT. Fikiria baiskeli ya gia: mnyororo unaruka kutoka meno madogo kwenda meno makubwa, na kila ukiruka unausikia mguuni. Sasa fikiria baiskeli ambayo mnyororo hauruki popote, bali gurudumu la meno lenyewe linatanuka na kusinyaa polepole unavyokanyaga. Ndani ya CVT kuna puli mbili za aina hiyo na mnyororo wa chuma kati yake. Moja inatanuka, nyingine inasinyaa, hakuna hatua wala pengo.

Kwa gari la kwenda kazini hiyo ni neema: laini, na petroli inaenda taratibu. Kwa gari la kuchezea, tatizo ni kwamba dereva anazoea kusikia injini ikipanda sauti pamoja na mwendo, akibadilisha gia ishuke, ipande tena. CVT ikikanyagwa kwa nguvu huipandisha injini mpaka kwenye mzunguko wenye nguvu na kuiacha hapo inalia noti moja wakati gari linaendelea kushika kasi. Gari linakwenda, lakini mwili unaambiwa haliendi. Subaru wanalijua hili. Katika WRX mpya wameiwekea programu inayoigiza gia nane, ibadilishe kwa kishindo kidogo, wakaipa na jina jipya, Subaru Performance Transmission. Imeboreka sana kuliko za zamani. Bado ni CVT.

Marekani mnunuzi alipewa uchaguzi: gia sita za mkono, au hiyo. Japani, S4 ilipozinduliwa Novemba 2021, ilikuja na CVT peke yake. Hakukuwa na klachi. Sababu mojawapo ya kampuni kuipendelea otomatiki ni mfumo wake wa kamera uitwao EyeSight, unaoweza kufunga breki wenyewe gari la mbele likisimama ghafla. Kuufunga kwenye gari la klachi ni kazi zaidi, na hata Marekani WRX za klachi ziliupata baadaye, katika toleo la 2024.

Kwa hiyo wale wanaotetea WRX mpya kwa kusema "jamani, bado ina gia ya mkono" wanasema kweli, ila wanazungumzia gari lenye usukani wa kushoto. Lenye usukani wa kulia na klachi lipo: Australia wanaliuza. Lakini mitumba yetu inatoka Japani kwa wingi, na kuagiza kutoka Australia kunahitaji kutafuta, kusubiri na kulipa.

Kuna uvumi mmoja unaofaa kukatwa papa hapa, kwamba WRX ya CVT ina mfumo hafifu wa kuendesha magurudumu manne ukilinganisha na ya klachi. Kinyume chake. Ya klachi inagawa nguvu nusu kwa nusu mbele na nyuma kwa njia rahisi ya kimakanika. Ya CVT inaanzia asilimia 45 mbele na 55 nyuma, na kompyuta inaubadilisha mgao kadiri barabara inavyodai. Barabara ya murramu ikinyeshewa, mwenye CVT hana cha kumwonea wivu mwenzake.

STI iliyozikwa

Tangazo la Machi 2022 lilisomwa na wengi kwamba STI imekufa. Maneno ya kampuni yalikuwa membamba zaidi: STI ya injini ya kawaida haitajengwa juu ya bodi hii, na wanatazama mwelekeo wa magari ya umeme. Kwa mnunuzi wa leo tofauti ni ndogo, lakini ipo.

Kwa nini iliuma? Kwa sababu injini iliyokuwa ndani ya STI ilikuwa na historia ndefu. Ile ya lita 2.0 iliingia kazini mwaka 1989. Ilipoagwa Japani, kampuni ilitengeneza magari 555 tu ya kuiaga, na namba hiyo haikuokotwa, ni ileile iliyokuwa ubavuni mwa magari yao ya rali. Marekani, ndugu yake wa lita 2.5 aliendelea hadi mwaka 2021 akiwa na farasi 310. Kisha kimya. Mshindani wao mkuu, Mitsubishi, alikuwa ameshaitupa Lancer Evolution tangu 2016, kwa hiyo hata wa kugombana naye hakuwapo.

Kwa Mkenya lipo na hili. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally akiwa na Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda Safari na Impreza, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Watoto waliosimama kando ya barabara siku hizo ndio watu wazima wanaobishana leo. Subaru walijitoa kwenye ubingwa wa dunia mwishoni mwa 2008, na Safari iliporudi kwenye ubingwa huo mwaka 2021 huko Naivasha, kuanzia mwaka huo hadi 2025 kila mara aliyeshinda alikuwa na Toyota. Toyota hao ndio waliotoa GR Yaris mwaka 2020, gari dogo la mtaani lililotengenezwa kwa kuifikiria rali, lenye klachi, na baadaye GR Corolla. Yaani kazi aliyoiacha mmoja imeokotwa na mwingine, ambaye pia ana hisa za kiasi cha asilimia 20 ndani ya Subaru yenyewe.

Nadhani hapa mashabiki wana haki ya kunung'unika, ila wanamnung'unikia asiyehusika. WRX haikuwahi kuwa STI, hata zamani. Ilikuwa daraja la chini yake, gari la mtu anayetaka turbo na mvuto wa magurudumu manne kwa bei anayoweza kuifikia. Ukiipima kwa kipimo hicho, ya sasa ni bora kuliko iliyotangulia: Subaru wanasema bodi yake haikunjiki kirahisi, imekazwa kwa asilimia 28 zaidi, na jambo hilo linaonekana kwenye kona kuliko farasi kumi wa ziada. Kilichopungua ni ghorofa ya juu yake. Kampuni imejaribu kuijaza kwa vipande: Marekani ikaja tS ya 2025, yenye breki za Brembo, shokomzoba zinazorekebishwa kwa umeme na klachi, lakini farasi walewale 271. Japani mwaka huohuo ikaonyeshwa S210, magari 500 tu, farasi 300, na bado CVT. Aliyetaka klachi na farasi 300 kwa pamoja hakuvipata popote.

Ukikutana nayo yadini

Hili la mwisho ndilo litakalowaponza watu. Japani S4 inauzwa kwa madaraja, na daraja la juu linaitwa STI Sport R. Gari litashuka bandarini na nembo halali ya STI, iliyobandikwa kiwandani, na karatasi za mnada zitaandika STI. Si uongo, lakini si STI ile. Injini ni 2.4 ya farasi 275 sawa na ya daraja la kawaida, GT-H. Kilichoongezwa ni shokomzoba za kielektroniki, kitufe cha kuchagua tabia ya gari, na viti. Vinafaa kulipiwa, hasa shokomzoba, ila si kwa bei ya STI.

Ukiona herufi EX mwishoni mwa jina, hizo ni za EyeSight X, inayotegemea ramani za barabara kuu za Japani. Uwezo huo ukifika Mombasa unabaki kuwa pambo. Ile kamera ya kufunga breki inaendelea na kazi yake, redio na skrini zitakusemesha Kijapani. Uliza pia mafuta ya CVT yalibadilishwa lini, na uyanuse.

Kisha soma kibati cha bodi. S4 hii inaanza na VBH. Ya kizazi kilichopita inaanza na VAG, na STI halisi ya mwisho ya Japani, yenye klachi na injini ya lita 2.0, inaanza na VAB. Hizo zilikoma mwishoni mwa 2019. Muuzaji akikuonyesha VBH na kukuambia ni STI ya 2022 iliyotolewa klachi, mwache amalize, halafu zungumzeni bei ya S4.